Mjozi wa Okolona

Nyanya za Rakeli zilianza kunyauka wiki ya pili ya mwezi wa saba, na udongo ulikuwa mbichi. Hilo ndilo lililomtisha. Mmea wenye kiu unajulikana: unaumwagilia jioni, asubuhi umeinua kichwa. Hizi, kadiri alivyozimwagilia ndivyo zilivyolala. Majani yalijikunja yakiwa bado ya kijani, kisha yakageuka kahawia, na alipopasua shina moja kwa kisu alikuta ndani kumekuwa na rangi ya chai.

Rakeli alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, mzaliwa wa milima ya Minembwe, na kiongozi wa akina mama katika kanisa la wakimbizi kutoka Kivu, upande wa kusini wa jiji la Louisville. Alikodi nusu ya nyumba huko Okolona, nyumba moja yenye milango miwili. Nusu ya pili alikaa Nshombo, mjane kama yeye, lakini mtu wa ziwani, upande wa Baraka. Kule kwao watu wa milimani na watu wa ziwani walikuwa wamechomeana nyumba na kuuana. Hapa wanawake hawa wawili walitenganishwa na ukuta mwembamba kiasi kwamba kila mmoja alisikia mwenzake akikohoa, na kila alfajiri waliingia pamoja kwenye gari la Rakeli kwenda Jeffersontown, kwenye ghala ambako walipanga vipuri ndani ya maboksi. Nshombo hakujua kuendesha.

Walikuwa wamehamia hapo mwezi wa pili, na hiyo ilikuwa bustani yao ya kwanza. Ua wa nyuma ulikuwa mmoja. Katikati yake ulisimama mti mkubwa wenye gome jeusi lililochimbika mifereji mirefu, na majani membamba yaliyopangwa pande mbili za kijiti. Hakuna aliyejua jina lake. Waligawana ua kwa kamba, mti ukabaki mpakani. Rakeli alipanda nyanya, biringanya, pilipili na viazi. Nshombo alipanda mahindi, maharage, maboga na vitunguu. Kila mmoja alipanda alichopenda kula.

Kufikia mwezi wa nane upande wa Rakeli ulikuwa kama umepitiwa na moto. Upande wa Nshombo maharage yalikuwa yamepanda mahindi mpaka juu na kutafuta mahali pengine pa kushika.

“Bon, Mama Isaro,” Nshombo alimwambia siku moja, akimpa bakuli la maharage mabichi juu ya kamba, “pengine ile mbegu ilikuwa mubaya. Mwaka ujao panda kama miye.”

Rakeli alishukuru. Alipoingia ndani, maneno yale yalimrudia, na kila yaliporudi yalikuwa na dharau zaidi.

Kamikazi, mwanamke wa kanisani kwao aliyeishi mtaa wa pili, alikuja kuona bustani. Alisimama mbele ya mabua makavu, akatazama ng'ambo ya kamba, akashusha sauti. “Watu wa ziwani wanajua dawa, Mama Isaro. Usijifanye hujui.”

“Tusiseme hivyo,” Rakeli alijibu. Lakini hakulisema kwa nguvu.

Mwezi wa tisa mti ulianza kuangusha matunda, madonge ya kijani makubwa kama ndimu, yakigonga paa la gari. Jumamosi moja Rakeli alichungulia dirisha la jikoni akamwona Nshombo ameinama juu ya ndoo. Alikuwa akikanyaga kitu kwa viatu vya mpira, akikiokota, akikisugua majini. Kisha aliinua ndoo na kumwaga. Maji yalikuwa meusi kama oili ya gari. Ua uliinama kidogo, yakatiririka chini ya kamba mpaka kwenye pilipili chache zilizokuwa zimebaki.

Jumatatu alfajiri, ndani ya gari, taa ilipowaka Rakeli aliiona mikono ya Nshombo. Ilikuwa na rangi ya masizi, kuanzia kucha hadi kwenye vifundo.

“Haitoki,” Nshombo alisema akicheka. “Hata na javeli ya kung'arisha nguo.”

Rakeli aliwasha injini. Lilikuwa swali la maneno mawili tu, ni nini? Hakuliuliza.

Wiki hiyohiyo Nshombo alibisha hodi na bakuli la sombe, majani ya muhogo, lililofunikwa. “Nimetia kitu kipya, hapana karanga. Uonje, uniambie.” Rakeli alipokea kwa mikono miwili, kama alivyolelewa. Alifunga mlango, akamwaga chakula chote kwenye mfuko wa takataka, akaufunga mafundo mawili, akautoa nje.

Jumapili, baada ya ibada, akina mama walibaki kwa mkutano wao. Walikuwa kama arobaini. Rakeli alisimama kutoa ushuhuda.

“Bwana Yesu asifiwe.”

“Amina.”

“Mimi sitataja jina la mtu. Lakini kuna dada katikati yetu aliyevuka bahari na dawa za kwao. Shamba langu limekufa, la kwake linazaa, na udongo ni mmoja. Mkitaka alama, tazameni mikono.”

Vichwa vilianza kugeuka, kimoja, viwili, kisha vyote. Nshombo alikuwa mstari wa tatu, karibu na dirisha. Aliitazama mikono yake kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza, akaivuta chini ya kitenge. Hakusema neno. Baadaye watu walisema kwamba asiye na hatia angejitetea.

Hakuna aliyemtukana. Walisogea tu. Jumapili iliyofuata benchi lake lilikuwa na mtu mmoja. Jumatatu Rakeli aliondoka nusu saa mapema bila kumgongea, na alipokuwa akirudi kinyumenyume barabarani aliuona mlango wa pili ukifunguka, na Nshombo amesimama pale na mfuko wake wa chakula cha mchana. Rakeli aliondoa macho kwenye kioo. Nshombo alimwomba Kamikazi lifti, Kamikazi akasema gari lake lina kelele kwenye breki. Basi la kufika Jeffersontown saa ile halikuwepo. Baada ya wiki tatu alikuwa hana kazi, na kabla ya sikukuu ya bata mzinga ya mwezi wa kumi na moja mpwa wake Leopoldi alikuja na gari la kukodi kutoka Buffalo akamchukua. Rakeli alisikiliza kupitia ukutani jinsi vitanda vinavyofunguliwa. Alisimama nyuma ya pazia mpaka gari likaondoka.

Mwaka uliofuata alipanda nyanya tena. Zilikufa tena, wiki ileile ya mwezi wa saba. Nshombo alikuwa umbali wa maili zaidi ya mia tano. Rakeli alijiambia kwamba dawa ilizikwa. Mchungaji Theogene alikuja na wazee wawili, wakaombea udongo, wakanyunyiza mafuta kwenye pembe nne za ua. Isaro, binti pekee wa Rakeli, aliyekuwa akisomea uuguzi huko Columbus, alipoambiwa hayo kwa simu alisema, “Mama, are you sure?” Rakeli alikata simu.

Mwezi wa kumi alikwenda Columbus kumtembelea. Isaro alipanga nyumba na Jemimah, Mkenya wa Kitui aliyekuja kusomea misitu na sasa aliajiriwa kukagua miti kwenye bustani za umma. Alikuwa mwanamke mchangamfu, na aliposikia kwamba mgeni ni mtu wa shamba, Jumamosi aliwachukua wote wawili mpaka kando ya mto Olentangy.

Rakeli alifurahi siku ile, na baadaye furaha hiyo nayo ilimtia haya. Jemimah alimfundisha kama mtu anavyomtambulisha mgeni kwa jamaa zake. Huu ni hikori, gome lake linang'oka vipande virefu vinavyojikunja kama mabati ya zamani, na kokwa yake tamu. Ule pale nao ni hikori, lakini wa gome laini na vichipukizi vya njano. Kokwa yake chungu, hata kindi huiacha mpaka njaa imbane. Ile mialoni, ya kwenye Biblia, hapa iko ya namna nyingi: yenye majani ya ncha za mviringo, tunda lake halina uchungu mwingi; yenye ncha kali, lazima uloweke na kumwaga maji mara nyingi. Aliokota mbegu ya kahawia inayong'aa, yenye doa jeupe kama jicho, akaiweka kwenye kiganja cha Rakeli.

“Buckeye. Watu wa Ohio wanajiita jina lake. Ni mrembo, lakini usiule, Mama. Ni sumu.”

“Mti mzuri hivi?”

“Mzuri ndiyo unadanganya,” Jemimah alisema, wakacheka.

Kisha wakafika kwenye mti wenye gome jeusi la mifereji. Chini yake majani yalikuwa yamelala pamoja na madonge ya kijani, mengine yameshaoza na kuwa meusi. Rakeli alisimama.

“Huu tunao,” alisema. “Nyumbani, nyuma.”

“Uko na bahati. Black walnut. Kiswahili cha vitabu nadhani ni mjozi. Mbao zake ni ghali sana, na kokwa ni tamu, lakini ganda ni gumu, ni nyundo tu.” Jemimah aliokota tunda moja, akalisokota kwa vidole mpaka ganda la kijani likapasuka. Maji yaliyotoka yalikuwa ya njano. Wakiwa bado wanatazama, yaligeuka kahawia kwenye ngozi yake. “Ona. Ngoja tu jioni, itakuwa nyeusi ti. Mwaka jana nilisahau gloves, nikaenda interview na mikono ya fundi wa magari. Two weeks!”

“Haitoki,” Rakeli alisema. Halikuwa swali.

“Haitoki na chochote. Zamani walitia nguo rangi na hii.”

“Hata na javeli.”

Jemimah hakulijua neno hilo. Isaro alilijua, na alimtazama mama yake.

Rakeli alijikuta anauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, “Na nyanya? Nyanya zikipandwa karibu nao?”

“Ai, Mama, hapana. Mizizi yake inatoa kitu kwenye udongo. Nyanya zinakauka na maji yako. Biringanya, pilipili, viazi, hizo zote ni jamaa moja, zote zinakufa. Ukitaka kupanda karibu na mjozi, panda maharage, mahindi, vitunguu, maboga. Hizo hazijali.”

Rakeli aliomba kukaa. Walikuwa karibu na gogo, alikaa. Jemimah alidhani amechoka akaenda garini kumletea maji. Isaro alibaki amesimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu amzae, Rakeli alishindwa kumtazama mtoto wake usoni. Alitazama viatu vyake.

“Mama Nshombo alikuwa anamenya tu,” Isaro alisema. Mara nyingi alimjibu mama yake kwa Kiingereza. Safari hii alitumia Kiswahili, polepole, ili kila neno lifike. “Alikuwa anamenya matunda tu, Mama.”

“Nimesikia.”

“Utafanya nini?”

“Nimesikia, Isaro.”

Alirudi Louisville na hakufanya kitu. Wiki mbili alikwenda kazini, akarudi, akapika, akalala. Alijua sasa kilichokuwa kwenye lile bakuli la sombe, kokwa za mjozi badala ya karanga, na mkono wake ulikumbuka uzito wake. Jumapili ya pili mama mmoja kijana alimletea mtoto mgonjwa amwekee mikono, kwa kuwa, alisema, “wewe Mungu alikupa macho ya kuona vilivyofichika.” Rakeli aliomba. Maneno yalitoka kinywani yamepangika vizuri kama kawaida, na hilo lilimtisha.

Alimwendea Mchungaji Theogene ofisini, akamweleza habari za mti.

Mchungaji alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. “Bon. Mama Isaro, ile jambo ilishaisha. Yule mama amehama, watu wamesahau. Wewe uko kiongozi. Ukifungua tena, utagawanya kanisa. Donc, tubu mbele ya Mungu, inatosha.”

Rakeli alishukuru, akatoka akiwa na unafuu. Alifika garini, akaweka ufunguo, na hapo ndipo alipotambua kwamba alikuwa amekwenda pale akitumaini kuambiwa maneno yaleyale. Alikuwa amejihesabia aibu zake zote, ya nyanya, ya bakuli, ya gari. Hii ilikuwa mpya, na ilikuwa mbaya kuliko zile.

Jumamosi iliyofuata aliendesha kwenda Buffalo. Alilala Columbus kwa Isaro njiani, asiongee sana, na asubuhi akaendelea peke yake. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka Cheektowaga, kando ya Buffalo, na nyumba ya Leopoldi ilikuwa karibu na uwanja wa ndege. Ndege zilipita chini mpaka vioo vikatetemeka. Hakuwa amepiga simu. Aliogopa kuambiwa asije.

Nshombo alifungua mlango akiwa na sare ya kazi ya kuhudumia wazee. Alikonda. Alimtazama Rakeli kwa muda, akarudi nyuma kumpisha, kwa sababu mgeni hasimamishwi kwenye baridi. Jikoni walikuwamo Leopoldi na mkewe. Nshombo hakuwaambia watoke.

Rakeli alisema yote. Alisema jina la mti na alisema alivyojifunza. Alianza kueleza jinsi maji ya ndoo yalivyotiririka, jinsi mtu yeyote angeweza kudhani, akasikia mwenyewe anachokifanya, akanyamaza. Alianza upya. “Nilikusingizia. Hukunifanyia neno lolote.”

“Ule mti nilifundishwa na mzee wa ng'ambo ya barabara,” Nshombo alisema. “Alinionyesha kuvunja na nyundo. Ungeniuliza, ningekuambia.”

“Ndiyo.”

“Ile sombe. Ulikula?”

Kulikuwa na nafasi ya kusema uongo mdogo, wa adabu. “Nilimwaga.”

“Niliona mufuko,” Nshombo alisema. “Ulikuwa wazi kidogo, paka alikuwa ameukwaruza. Nikasema, bon, pengine hakupenda. Sikujua bado.” Alingoja ndege ipite. “Mama Isaro, miye nilikimbia Baraka kwa sababu ya watu wa kwenu. Na wewe ulikimbia kwa sababu ya watu wa kwetu. Niliposikia niko jirani na nani, nililia. Halafu ulinibeba kwa gari yako miezi nane, nikasema Mungu amefanya kitu. Ndiyo maana nilishindwa kusema pale kanisani. Sikuwa na kinywa.”

Rakeli alishuka kwenye kiti akapiga magoti. Mke wa Leopoldi alitaka kumwinua, Nshombo akamzuia kwa mkono.

“Simama, tafazali. Magoti haisaidie. Uliniita mulozi mbele ya watu makumi ine, na umekuja kuomba musamaha mbele ya watu watatu, mbali, kule hakuna mutu anakujua.”

Rakeli alisimama. Ilikuwa kweli. Alipewa chai, akainywa, kwa kuwa kuikataa kungekuwa kosa jingine. Nshombo alikwenda kazini kabla kikombe hakijaisha.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, akina mama walipobaki, Rakeli alisimama palepale aliposimama mwaka uliopita. Mchungaji Theogene alikuwa mlangoni. Alitikisa kichwa kidogo, polepole, kumwomba aache. Rakeli alimwona, akaendelea.

“Mwaka jana nilisema sitataja jina. Leo nalitaja. Ni Nshombo. Nilimwita mulozi, na alikuwa hana kosa.” Aliwaeleza mti, mizizi yake, maji ya matunda yake. Walisikiliza vizuri sehemu ya mti, wengine hata walishangaa na kunong'ona, na aliona kwamba wangependa ibaki hadithi ya mti. “Lakini mti haukumwita mulozi,” alisema. “Ni mimi. Alfajiri ile nilimwacha mlangoni na chakula chake mkononi, nilimwona, nikaondoka. Na kabla ya nyanya kufa, kitu kilikuwa tayari ndani yangu, kinangoja sababu. Alikuwa mtu wa ziwani. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu.”

Kulikuwa na wanawake wa ziwani mle ndani, sita au saba, na walikuwa wakitazama mbele, wala hawakumtazama yeye. Kamikazi alianza kulia kwa sauti.

“Na miye?” alisema. “Breki zangu zilikuwa nzima. Nilikataa kumubeba, na breki zilikuwa nzima.”

Mwanamke mmoja wa ziwani, Mama Minani, aliinuka, akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga. Mchungaji aliingia haraka akafunga kwa maombi mafupi.

Rakeli aliacha uongozi siku hiyo, kabla hajaombwa. Akina mama wengine waliacha kumsalimia. Baadhi kwa sababu ya alichofanya, na baadhi, alihisi, kwa sababu alikisema. Alianza kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mama yule kijana hakumletea mtoto tena.

Siku kumi baadaye, kwenye maegesho ya Jeffersontown kabla ya zamu kuanza, simu yake ililia. Ilikuwa ujumbe wa sauti, na namba ilikuwa ya Buffalo.

“Mama Isaro. Habari imefika huku. Mama Minani amenieleza ulisema jina langu, na ulisema na ile ya mulango. Bon. Nimesikia.” Nyuma yake ilisikika sauti ya mzee fulani akiita muuguzi. “Kurudi Louisville, sitarudi. Nimezoea huku, na wazee wangu wamenizoea. Usinipigie. Siku nitataka kusema na wewe, nitapiga miye.”

Rakeli aliusikiliza mara mbili. Dakika saba zilibaki. Wafanyakazi walikuwa wakipita mbele ya gari lake wakielekea mlangoni, kofia zimevutwa masikioni, na yeye alikaa na simu mapajani mpaka kengele ya kwanza ikalia.